VINCENT VAN GOGH: MCHORAJI ALIYEJIFUNZA UKUBWANI

Ndugu msomaji, je, umewahi kusikia watu wakisema kwamba mtu mzima hawezi kujifunza kazi mpya? Soma habari za Vincent van Gogh, kisha uamue mwenyewe.

Vincent alizaliwa mwaka 1853 nchini Uholanzi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alipofika umri wa miaka 16, Vincent aliajiriwa katika duka la kuuza picha. Baada ya miaka kama saba aliachishwa kazi. Akajaribu ualimu. Akajaribu kuuza vitabu. Kisha akaenda Ubelgiji kuwahubiria wachimbaji wa makaa ya mawe. Huko nako hakudumu.

Mwaka 1880 Vincent alikuwa na umri wa miaka 27. Hakuwa na kazi wala fedha. Hapo ndipo alipoamua kuwa mchoraji. Mdogo wake, jina lake Theo, alimsaidia kwa fedha.

Je, alianzaje? Alianza kwa kuiga. Huko Ufaransa alikuwako mchoraji aliyeitwa Jean-François Millet, mtoto wa mkulima. Millet alipenda kuchora watu wakiwa kazini mashambani. Picha yake moja ya mwaka 1850 inaonyesha mpanzi. Mpanzi huyo anatembea shambani na kurusha mbegu kwa mkono. Vincent alichukua nakala ya picha hiyo, akaiiga tena na tena. Kwa njia hiyo alijifunza jinsi mtu anavyosimama, anavyopiga hatua na anavyonyoosha mkono.

Mwishoni mwa mwaka 1881 alianza kutumia rangi za mafuta. Rangi hizi ni unga wa rangi uliochanganywa na mafuta ya mbegu. Hupakwa kwa brashi juu ya turubai. Hazikauki upesi, kwa hiyo mchoraji anaweza kurekebisha kazi yake.

Mwaka 1888 Vincent alikuwa anaishi Arles, kusini mwa Ufaransa. Huko alichora mpanzi kwa rangi za mafuta. Mwendo wa mtu huyo ulitoka kwa Millet. Lakini rangi zilikuwa za Vincent mwenyewe: jua kubwa la manjano, na shamba la zambarau na buluu.

Baadaye alipata ugonjwa wa akili, na mwaka 1889 akalazwa hospitali huko Saint-Rémy. Siku nyingine hakuweza kutoka nje kuchora. Basi akaziiga tena picha za Millet. Nakala alizokuwa nazo hazikuwa na rangi. Rangi alizichagua mwenyewe.

Januari 1890 aliiga picha ya mtoto anayejifunza kutembea. Mama amemshika mtoto. Baba ameacha kazi ya shamba, amechuchumaa na kumnyooshea mikono. Vincent alipiga mistari ya miraba juu ya nakala ndogo. Kisha akapiga miraba mikubwa kwenye turubai. Kilichokuwa katika mraba mdogo alikichora katika mraba wake mkubwa. Ndivyo alivyoikuza picha bila kuiharibu.

Vincent alikufa Julai 1890 kwa jeraha la risasi. Alikuwa na umri wa miaka 37. Alikuwa amechora kwa miaka 10 tu, lakini aliacha picha zaidi ya 800 za rangi za mafuta. Alipokuwa hai aliuza picha chache sana. Leo watu wa nchi nyingi huenda Amsterdam kuziona, katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1973.

Ndugu msomaji, wewe pia ulianza kwa kufuata herufi za mwalimu ubaoni. Hiyo haikuwa aibu. Mwanafunzi huiga ili mkono uzoee. Mkono ukishazoea, huandika barua yake mwenyewe.

MASWALI
1. Vincent alianza uchoraji akiwa na umri gani?
2. Eleza jinsi alivyotumia miraba kuikuza picha.
3. Taja kazi moja uliyojifunza kwa kumwiga mtu mwingine. Ni lini ulianza kuifanya kwa njia yako?