John Allen: fundi wa milima ya plasta

Wengi wetu tumewahi kutengeneza gari la mabua au la waya tukiwa watoto. Leo tunamwangalia mtu mzima aliyeifanya kazi ya namna hiyo mpaka mwisho wa maisha yake, Mmarekani John Allen.

Alizaliwa mwaka 1913 huko Joplin, jimbo la Missouri. Ujanani aliugua homa ya baridi yabisi, nayo ikamwachia moyo dhaifu. Kazi nzito hakuziweza. Akawa mpiga picha mjini Los Angeles, kisha akahamia Monterey, mji wa pwani ya California. Huko ndiko alikojenga reli yake ndogo.

Reli hiyo ilikuwa chini ya nyumba yake. Kila kitu kilikuwa kimepunguzwa mara 87, yaani nyumba yenye urefu wa mita 6 ilikuwa na sentimita 7 hivi. Milima ilipanda kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Aliipa jina Gorre & Daphetid, ambalo likitamkwa kwa Kiingereza linasikika kama mtu aliyejaa damu na kushindwa. Alipenda mzaha: kati ya vichwa vya treni alimweka mnyama wa kale, dinosau aitwaye Emma, avute mabehewa.

Milima ile ilikuwa ya plasta, jamaa ya ile inayofungiwa mfupa uliovunjika hospitalini. Unga wake hutokana na jasi iliyochomwa. Ukichanganywa na maji unapata uji, na baada ya dakika chache uji huo unapata joto na kuganda. Kabla haujakauka kabisa, fundi huuchonga kwa kisu akatoa mistari ya mawe. Kisha hupaka rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi. Rangi hiyo huingia kwenye nyufa na kuzitia giza. Mwisho hupitisha brashi kavu yenye rangi nyeupe kidogo, na kingo za mawe zikajitokeza.

Wakati ule wengi waliacha majengo yao madogo yaking'aa kama mapya. Allen aliyachakaza makusudi kwa kutu, masizi na vumbi, kwa sababu aliona kuwa mahali penye watu na kazi huzeeka. Mwaka 1948 karakana yake ndogo ya treni ilishinda tuzo ya jarida la Model Railroader, na picha zake zikawafundisha wengine.

Jioni marafiki walikuja kuziendesha treni kwa ratiba, kila mmoja na kazi yake.

Januari 1973 moyo ulisimama. Allen alikuwa na umri wa miaka 59. Siku chache baadaye moto uliwaka nyumbani kwake. Plasta yenyewe haiungui, lakini mbao zilizoibeba ziliteketea, na kazi ya miaka mingi ikaharibika.

Zilibaki picha, na zikabaki mbinu. Leo nyumba ndogo za plasta huuzwa zikiwa kuta mbalimbali za kuunganisha na gundi. Anayenunua huzipaka rangi iliyozimuliwa, kisha huzichakaza kidogo. Wengi wanaofanya hivyo wanafuata njia ya Allen, hata kama hawajawahi kulisikia jina lake.