Grace Hopper: Mwanamke wa jeshi la majini aliyeishi na daftari la kompyuta mkononi

Kazi iliyopangwa kujiendesha usiku kwenye seva ikichelewa, fundi mzoefu haanzi kwa kufungua mashine. Anafungua logi, yaani kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia wenyewe: saa ngapi kazi ilianza, saa ngapi iliisha, wapi ilikwama.

Miaka ya 1940 hakukuwa na seva wala skrini. Logi lilikuwa daftari la kawaida, linaandikwa kwa kalamu. Na mmoja wa watu walioishi na madaftari hayo alikuwa Grace Hopper, mwalimu wa hesabu aliyekuja kuwa admirali.

Saa saba mezani

Alizaliwa New York, Marekani, Desemba 9, 1906. Akiwa na miaka 7 alifungua saa ya mezani ili ajue inavyofanya kazi. Akashindwa kuirudisha, akafungua nyingine, na nyingine. Mama yake alipokuja kushtuka, saa saba zilikuwa vipandevipande. Adhabu? Aliachiwa moja tu ya kuchezea.

Alisoma hesabu na fizikia chuo cha Vassar, akamaliza 1928. Mwaka 1934 akapata shahada ya udaktari wa hesabu Yale, jambo lililokuwa adimu kwa mwanamke wa wakati ule, kisha akaendelea kufundisha Vassar.

Vita Kuu ya Pili ikavuruga kila kitu. Hopper alitaka kujiunga na jeshi la majini, lakini umri ulikuwa umeenda na mwili mwembamba: alipungua kilo 7 hivi kufikia kiwango kilichotakiwa. Akaomba kibali maalumu, akapewa. Desemba 1943 akaapishwa.

Mashine ya tani 5

Mwaka 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye kompyuta iliyoitwa Mark I. Usifikirie laptop. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha kama mita 2.4 na uzito wa tani 5 hivi. Kuzidisha namba mbili ilichukua sekunde kadhaa.

Maelekezo yake yalitobolewa kama matundu kwenye utepe mrefu wa karatasi. Mashine inavuta utepe, inasoma tundu, inafanya hesabu, inavuta tena. Jeshi lilikuwa na foleni ya hesabu, za mizinga na silaha nyingine, kwa hiyo mashine iliwashwa usiku na mchana, watu wakipokezana zamu.

Hapo ndipo daftari lilipokuwa na uzito wake. Hesabu moja ingeweza kuvuka zamu. Anayeingia usiku hakuwepo mchana, na mashine haimwambii mtu inaumwa wapi. Inasimama tu, au mbaya zaidi, inaendelea na kutoa jibu la uongo. Kilichobaki ni maandishi: saa fulani utepe huu uliwekwa, saa fulani mashine ilisimama, kifaa hiki kilibadilishwa.

Hopper aliandika sana. Mwaka 1946 kilitoka kitabu cha matumizi ya Mark I, zaidi ya kurasa 500, na sehemu kubwa ilikuwa kazi yake.

Siku ya nondo

Septemba 9, 1947 timu ya Harvard ilikuwa ikijaribu mashine mpya, Mark II. Hii ilitegemea rilei, yaani swichi ndogo za umeme zinazojifunga na kujifungua zenyewe. Moja isipogusa vizuri, hesabu yote imeharibika.

Ukurasa wa siku hiyo bado upo, na ni somo zuri la kusoma logi. Saa zimeandikwa kijeshi. Saa 2 asubuhi kazi imeanzishwa. Saa 4 imesimamishwa. Kuna rilei zilizoshindwa jaribio la kasi, zikabadilishwa. Saa 5 unawekwa utepe wa kukagua hesabu za sini na kosini. Saa 9:25 alasiri linaanza jaribio la kujumlisha.

Dakika 20 baadaye, saa 9:45, wamempata mkosaji: rilei namba 70, kwenye paneli F. Ndani yake kulikuwa na nondo. Siyo nondo ya kujengea, ni yule mdudu wa usiku anayefanana na kipepeo. Wakambandika ukurasani kwa selotepu na kuandika kwa utani kwamba kwa mara ya kwanza amepatikana mdudu wa kweli.

Utani ulieleweka kwa sababu mafundi walishazoea kuita hitilafu mdudu. Thomas Edison alilitumia neno hilo kwa maana hiyo tangu 1878. Kwa hiyo si kweli kwamba neno lilizaliwa siku ile.

Na hapa mitandao inakosea tena: nondo hakukamatwa na Hopper. Walioiona ni mafundi waliokuwa wakiendesha mashine. Yeye alikuwa kwenye timu, na ndiye aliyeisimulia hadithi hiyo kwa miaka mingi mpaka dunia ikadhani ni yake.

Lakini ukimwangalia nondo tu, unapitwa na jambo kubwa zaidi. Ukurasa ule hauonyeshi bahati. Unaonyesha watu wanaopunguza eneo la kutafuta saa baada ya saa: hiki kimejaribiwa, kile kimebadilishwa, bado tatizo lipo, twende kingine. Fundi wa leo akikuta kazi ya dakika 5 imechukua dakika 40 anafanya vilevile. Analinganisha muda wa kuanza na wa kumaliza, jana na leo, mpaka aione hatua iliyovimba.

Kutoka hitilafu hadi COBOL

Mwaka 1949 Hopper aliondoka Harvard na kujiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Alikuwa ameshaona chanzo kingine cha makosa, na hicho hakikuwa na mabawa: binadamu. Waandishi wa programu walikuwa wakinakili vipande vya kazi za wenzao kwa mkono, na kila wakinakili, wanakosea.

Akaona mashine yenyewe ifanye kazi hiyo. Kufikia 1952 alikuwa na kompaila yake ya kwanza, A-0. Watu wengi hawakuamini kwamba kompyuta ingeweza kujipangia programu. Baadaye lugha yake ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza badala ya alama tupu, ikawa msingi mkubwa wa COBOL, lugha iliyoanza kuundwa 1959.

COBOL bado inafanya kazi kwenye mifumo ya baadhi ya benki kubwa duniani, mara nyingi kwenye zile kazi za usiku zinazojiendesha kwa ratiba. Zikikwama, kuna mtu anaamshwa kusoma logi.

Waya wa sentimita 30

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966. Mwaka uliofuata likamwita tena kwa miezi sita, asaidie kusawazisha matumizi ya COBOL. Miezi sita hiyo ikazaa miaka karibu 20.

Maofisa walikuwa wakimuuliza kwa nini ujumbe wa setilaiti unachelewa. Akawa anatoa mfukoni waya wa karibu sentimita 30. Huo, aliwaeleza, ndio mwendo wa umeme, ukienda kasi kuliko vyote, ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kisha anaonyesha rundo la waya wa kama mita 300: huo ni sehemu moja ya milioni. Kati ya ofisi na setilaiti, nyaya ngapi hizo? Aliwagawia wanafunzi pia, waone kwa macho muda wanaoupoteza programu zao zikizembea.

Alipanda hadi admirali mwaka 1985. Agosti 1986 alistaafu rasmi, akiwa na miaka 79, kwenye sherehe iliyofanyika juu ya meli ya kale USS Constitution, Boston. Hakwenda kupumzika, kampuni ya kompyuta ya Digital ikamchukua kama mshauri.

Alifariki Januari 1, 1992, akazikwa kwenye makaburi ya kitaifa ya Arlington. Meli ya kivita yenye jina lake, USS Hopper, ilianza kazi 1997, na 2016 Rais Barack Obama alimtunuku Medali ya Uhuru ya Rais.

Daftari la Mark II liko Washington, kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Nondo bado yumo, na selotepu yake.