SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI (1891–1947): KADHI ALIYEWAANDIKIA WATU WAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, mwaka huu katika ukurasa wa maisha ya wanavyuoni wetu tumemchagua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Wengi humjua kwa ukadhi wake. Sisi tutamtazama zaidi kwa upande wa kalamu, kwa sababu wapo miongoni mwenu wanaotamani kuandika, nao hutuuliza waandike nini, kwa lugha gani, na nani atawachapishia. Maswali hayo Sheikh naye yalimkabili.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui, ulioutawala mji huo mpaka mwaka 1837 ulipoondolewa na Seyyid Said. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwanawe angali mdogo mno. Yatima huyo akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alikwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, na kwa mabwana hao akazidi kupata elimu.

HALI YA UANDISHI WAKATI WAKE

Zamani vitabu vya pwani yetu vilinakiliwa kwa mkono. Kisha vikaja vya kupigwa chapa, vikiletwa kwa meli kutoka Misri na Bara Hindi. Mwanachuoni aliyetunga kitabu cha elimu aghalabu alikitunga kwa Kiarabu, na waliomsoma walikuwa wanavyuoni wenziwe.

Kwa upande wa pili, wamisionari walikuwa na mitambo yao na walichapisha kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Hata tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1923 iliandikwa na padri, Godfrey Dale. Shule za serikali nazo zilifundisha herufi hizo hizo. Basi Mwislamu wa kawaida aliyetaka kuijua dini yake kwa lugha yake alikuwa na machache sana ya kusoma yaliyoandikwa na Waislamu wenziwe.

Sheikh Al-Amin alikuwa akisoma Al-Manar, jarida la Sayyid Rashid Rida lililoanzishwa Misri mwaka 1898. Humo aliona kwamba mwanachuoni anaweza kuzungumza na umma mzima kwa njia ya gazeti.

SAHIFA NA AL-ISLAH

Mwaka 1930 akaanzisha gazeti dogo aliloliita Sahifa, yaani ukurasa. Aliliandika kwa Kiswahili cha kwao Mombasa kwa herufi za Kiarabu. Tuzingatie hekima yake hapa. Watu wengi wa mjini hawakukijua Kiarabu, lakini herufi zake walizijua tangu chuoni. Na kwa kuwa herufi za Kiarabu hazitoshi kwa sauti zote za Kiswahili, kama vile p, ch na v, yeye alikuwa mmoja wa waliozitengeneza kwa kuziongezea alama ili Kiswahili kisomeke bila kubabaisha.

Na aliandika nini? Aliandika aliyoyaona kila siku. Alieleza jinsi watu wanavyoharibu mali kwa israfu. Aliwasema vijana wanaoiga mavazi na ulevi wa Wazungu huku wakiyaacha mazuri yao, kama bidii ya kazi na elimu. Aliwahimiza wazazi wasomeshe watoto wao, wa kike na wa kiume. Tena aliwakumbusha Waislamu umoja na kuyaonea haya mambo yaliyowarudisha nyuma.

Mwaka 1932 akatoa gazeti jingine, Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Halikudumu muda mrefu. Wala si wote waliofurahishwa na maneno yake, hasa alipozikosoa mila ambazo watu walizizoea na kuzidhani ni dini. Yeye hakuiweka kalamu chini. Mwaka huo huo alikuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoifanya mpaka mwisho wa uhai wake.

Mwaka 1944 makala za Sahifa zilikusanywa na kupigwa chapa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mara hii zilitoka kwa herufi za Kirumi, kwa kuwa vijana waliosoma shule walikuwa wamezizoea hizo. Herufi zilibadilika, na nasaha zikabaki zile zile.

KUFARIKI KWAKE NA ALIYOYAACHA

Alifariki Mombasa mwaka 1947. Aliacha tafsiri ya Qur'ani ambayo hakuwahi kuimaliza. Sehemu ya Al-Fatiha na Al-Baqara ilitoka mwaka 1980 kwa juhudi za mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Kabla ya hapo, mwaka 1969, Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikuwa amekwisha kuitoa tafsiri yake ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili. Aliacha pia tarehe ya ukoo wa Mazrui kwa Kiarabu, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014, alikuwa mwandishi mashuhuri duniani.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, Sheikh hakwenda mbali kutafuta la kuandika. Alilipata mtaani kwake, sokoni na msikitini. Nanyi anzeni na mnayoyajua na yanayowauma.

Pili, alimtazama msomaji kabla ya kushika kalamu. Alikuwa na Kiarabu cha kutosha kuwapendeza wanavyuoni, lakini akachagua lugha ya mama zetu. Leo makala inaweza kusomwa kwenye simu na kufika mbali kwa dakika moja. Hiyo ni neema, na pia ni amana, kwani uongo nao hufika upesi vile vile.

Tatu, hakungoja mpaka apate kikubwa. Alianza na ukurasa. Jarida hili letu nalo ni kurasa chache tu, na nafasi yenu imo humu.

Jambo la mwisho ni hili. Mwanafunzi wa madrasa anayezijua herufi za Kiarabu ana ufunguo wa kusoma Kiswahili cha mababu zake, ambacho wasomi wengi wa leo hawawezi kukisoma. Ulizeni nyumbani kama zimo barua au karatasi za zamani, mzisome pamoja na wazee wangali hai.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, amlipe kwa kila herufi yenye manufaa aliyoiandika, na atujaalie sisi na nyinyi kalamu za kheri. Amin.