Mwanawasa: Rais aliyerudiwa na kiharusi

LEVY Patrick Mwanawasa, Rais wa tatu wa Zambia, alizaliwa Mufulira Septemba 3, 1948, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Zambia. Akiwa Makamu wa Rais, alijeruhiwa vibaya katika ajali ya gari Desemba 1991, lakini alipona na Januari 2002 akaapishwa kuwa Rais.

Aprili 2006 alipatwa na kiharusi, akatibiwa London. Wapo waliotilia shaka afya yake; hata hivyo alirejea kazini, na Septemba mwaka huo wananchi wakamchagua tena.

Juni 29, 2008, akiwa Sharm el-Sheikh, Misri, kuhudhuria mkutano wa Umoja wa Afrika, kiharusi kilimrudia. Alisafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya kijeshi ya Percy, karibu na Paris, fursa ambayo wagonjwa wengi wa nchi yake hawaipati. Alifariki dunia Agosti 19, akazikwa Lusaka Septemba 3, siku ambayo angetimiza miaka 60.

Aliyewahi kupata kiharusi huwa katika hatari kubwa ya kupata kingine. Kupata nafuu, basi, si mwisho wa dawa wala wa kupima shinikizo la damu.