Selous, mwindaji aliyejifunza kuchagua risasi

Wandugu wengi wanajua jina Selous juu ya pori kubwa la Tanzania. Mtu mwenyewe hawamjui. Na sisi wa Katanga tungefaa kumjua, sababu mara moja alikuwa njiani kuja huku kwetu, na hakufika.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 desemba 1851. Baba yake alikuwa mkubwa wa soko la hisa la mji ule, kwa hiyo njaa hakuijua. Lakini tangu masomo kichwa chake kilikuwa Afrika. Wanasema kule internat alikuwa analala chini kwenye mbao, ajizoeze maisha ya pori. Tarehe 4 septemba 1871 akashuka melini Algoa Bay, Afrika ya Kusini. Alikuwa na miaka 19 na paundi 400 mfukoni. Akapanda na magari ya ng'ombe mpaka Kimberley, fasi watu walikuwa wamejaa kuchimba almasi. Katika safari hiyo wakamwibia bunduki yake nzuri ya mitutu miwili, ile aliyotoka nayo Ulaya.

Basi akanunua zile alizopata: bunduki za bei rahisi, za kupakia kwa mdomo, kalibri 4. Maana ya 4 ni hii: ratili moja ya risasi inatoa vipande vine tu. Kipande kimoja kina zaidi ya gramu 100. Bunduki yenyewe karibu kilo 6. Baruti nyeusi alikuwa anaichota kwa mkono katika mfuko wa ngozi na kuitia mtutuni, bila kipimo cha haki. Sawa pupu za vijijini kwetu, lakini kubwa mara nyingi.

Mwaka wa 1872 akafika Bulawayo kwa mfalme Lobengula kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme akamwangalia, akacheka, akamuuliza kama hakukuja juu ya kaswala kadogo ka majani. Alimuona mtoto tu. Akamwachia aende popote. Katika miaka mitatu yule mtoto akaua tembo 78, kwa miguu, sababu mbung'o zilikuwa zinamaliza farasi.

Lakini muangalie bei yake. Kila mara bunduki ile ilipolia, ilimrudishia pigo begani kama teke la punda. Siku moja fataki ilikataa kuwaka, na mtu wake, kwa kutojua, akapakia baruti na risasi ingine juu ya ile ya kwanza. Selous alipofyatua, ikamnyanyua na kumtupa chini, kitako kikavunjika, akabaki na damu. Maisha yake yote alisema bunduki zile zilimharibia mishipa, kwamba mwili wake uliendelea kushtuka mbele ya mlio, na kwamba kama angeanza upya asingezigusa. Anayefanya kazi na mashini ya kutoboa mwamba anaelewa hii bila kuelezwa. Chombo kikubwa hakiumizi jiwe peke yake. Na Selous alikuwa na bahati: hakuna kapita aliyemlazimisha kuendelea nayo.

Kisha tembo wakapunguka, wakakimbilia mbali. Selous akaanza kuishi kwa kazi ingine: kukusanya ngozi na vichwa vya nyama kwa ajili ya nyumba za makumbusho za Ulaya. Sasa kazi yake ikawa pofu, tandala, palahala, korongo. Kwa nyama hizi kalibri 4 haina maana. Ni nzito kubeba siku nzima, haifiki mbali, na risasi yake ya mviringo inaanguka haraka sana. Njo akachukua bunduki ya kartushi moja-moja, iliyotengenezwa na George Gibbs wa Bristol. Tundu lake lilikuwa karibu milimetri 11 na nusu. Leo tungeiona kubwa. Kwa wakati ule ilikuwa ya katikati, na mtutu wake ulikuwa na mifereji mizuri iliyofanya risasi iende sawa.

Hapa ndipo alipojifunza jambo ambalo wawindaji wengi hawajifunzi mpaka kufa: bunduki haiui nyama, risasi njo inaua. Kartushi ileile inaweza kubeba risasi mbili zenye tabia tofauti kabisa. Kuna ile ya risasi ngumu, nzito, isiyo na tundu. Hiyo inapita mfupa wa bega la nyati na kwenda mpaka ndani. Ukimpiga nayo swala mwembamba, inatoka upande wa pili na kuacha tundu dogo. Swala anakimbia, damu haionekani kwenye majani, anakwenda kufa fasi utakayoikosa. Fisi anakula. Na kuna ile nyepesi, yenye tundu puani, inayofunguka kama ua ikigusa mwili. Hiyo kwa swala na kwa simba ni dawa. Lakini pofu dume anaweza kupita kilo 800. Ukimpiga begani na risasi ya kufunguka haraka, inapasuka juu ya mfupa, inaacha kidonda kipana kisicho na kina. Amekwenda na maumivu yake, na wewe umebaki na ganda tupu mkononi.

Kwa hiyo swali la kwanza si ukubwa wa tundu. Swali ni nyama gani, atasimama namna gani, na risasi inapaswa kupita nini mbele ya kufika kwenye moyo na mapafu. Risasi ndefu kwa upana wake inapita vizuri kuliko fupi na nene, hata kama uzito ni uleule. Watu wa mwamba wanajua: burini ndefu nyembamba inatoboa, nyundo bapa inaponda tu.

Mwaka wa 1888 Selous akavuka Zambezi kwenda kaskazini. Alikuwa anataka kufika Garenganze, ndiyo kusema Katanga ya mfalme Msiri. Hakufika. Katika inchi ya Waila kambi yake ikashambuliwa usiku. Watu wake 12 wakauawa. Majina yao sikuyaona popote, lakini jina la bunduki limeandikwa mara mia. Selous akaponea katika majani marefu, na bunduki yake na kartushi chache sana kwenye mkanda. Na kartushi zile hazikuwa za kupatikana fasi yoyote kule. Kila moja ilikuwa siku ya maisha. Akaua nyumbu mmoja, akakata nyama ya njiani, akatembea usiku. Halafu katika kijiji kimoja, akiwa anaota moto, bunduki yenyewe ikaibwa. Akaendelea mikono mitupu mpaka akapata msaada kwa chifu Monze. Tangu hapo mtu anaelewa kwa nini mwindaji wa safari ndefu anauliza kwanza: kartushi hii, nikimaliza, nitaipata wapi?

Miaka miwili kisha, 1890, akafanya kazi ambayo mimi kama mtu wa sindika siwezi kuiruka. Cecil Rhodes na kompani yake walitaka inchi ya Mashona juu ya dhahabu. Nani anajua njia, mito, fasi ya maji? Mwindaji. Selous akaongoza msafara wa kompani, akakata barabara, mpaka tarehe 13 septemba wakapandisha bendera fasi waliyoiita Salisbury, leo Harare. Kila mzungu wa kundi la mbele aliahidiwa hekta zaidi ya 1200 na viwanja 15 vya dhahabu. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka uleule kompani ileile ilituma watu kwa Msiri, Bunkeya, wakamkosa. Watu wa Leopold wakaja kisha, na Msiri akauawa tarehe 20 desemba 1891. Hivi Katanga ikaenda upande wa Mbelgiji. Njia za kufuata swala zilikuwa zimekuwa njia za kufuata madini.

Wakati ule dunia ya bunduki ikageuka. Wafaransa walikuwa wamepata mwaka wa 1884 baruti isiyo na moshi, yenye nguvu nyingi kwa kipimo kidogo. Tundu likapungua mpaka milimetri 7 ao 8. Selous, ambaye alianza na risasi ya gramu zaidi ya 100, sasa akawa anapiga swala na .303, milimetri 7.7, risasi ya gramu 14. Ilikuwa kartushi ya jeshi la Waingereza, ilipatikana katika kila boma. Baadaye akatumia pia .375 ya Holland, milimetri 9 na nusu, ambayo wengi mpaka leo wanaiweka katikati kabisa: inatosha kwa pofu, haivunji bega la mpigaji.

Lakini .303 ya jeshi ilikuja na risasi iliyofungwa yote ndani ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ndiyo ileile shida ya zamani: inapita swala kama sindano. Dawa ilikuwa kuacha pua ya risasi wazi, chuma kifunike mwili tu, ndipo inafunguka polepole na bado inaenda kina. Kwa nyama ya katikati, tandala na palahala, mpaka sasa hakuna aliyepata jibu tofauti sana, hata kama makartoni ya dukani yana majina mapya kila mwaka. (Na nisieleweke vibaya: Upemba na Kundelungu ni mbuga za serikali, si dukani kwa nyama.)

Vita ilipolipuka 1914, Selous alikuwa na miaka 62. Jeshi kwanza lilimkataa kwa uzee, kisha likamkubali. Akapigana Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, akiwa kapiteni, akitembea kuliko vijana waliokuwa wanaanguka kwa malaria. Tarehe 4 januari 1917, Beho Beho, karibu na mto Rufiji, alipokuwa anatafuta na darubini fasi adui wanapiga kutoka, risasi ya mpigaji aliyejificha ikampata kichwani. Alikuwa na miaka 65. Walimzika palepale, chini ya mti, na kaburi liko mpaka leo.

Mtoto wake Freddie, rubani wa ndege, aliuawa Ulaya tarehe 4 januari 1918, mwaka mmoja kamili kisha baba yake.