Jemadari wa Maghala

Wengi husifu majemadari wa mapigano. Sisi leo twamtaja aliyewapatia vifaa. Montgomery Meigs alizaliwa mwaka 1816 huko Georgia, jimbo la mabwana wa watumwa. Hata hivyo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 alibaki upande wa Serikali, akawa Mkuu wa Vifaa vya Jeshi.

Wakati ule walanguzi walikuwa wakiiuzia Serikali viatu vibovu na farasi wagonjwa. Meigs alishika zabuni za wazi na ukaguzi mkali. Zaidi ya dola bilioni moja zilipita mikononi mwake, naye akazitolea hesabu.

Mwaka 1876 alichora ramani ya awali ya jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Wengine wakalijenga, likafunguliwa mwaka 1881. Si ajabu: ajuaye ghala ajua pia pa kuweka hazina ya taifa. Tangu mwaka 1885 hadi kufa kwake, mwaka 1892, alikuwa mmoja wa wadhamini wake.

Lakini twapenda zaidi kazi yake nyingine, jumba la pensheni za askari, lililokamilika mwaka 1887. Kuta zake zimezungukwa na sanamu za askari wa vita vile, na Meigs alishikilia kwamba mwendesha gari la mizigo awe Mwafrika aliyekombolewa utumwani. Jumba hilo ni makumbusho ya ujenzi tangu mwaka 1985, na dereva yule yungali ukutani.