George Herbert, Kasisi Mtunzi wa Mashairi

Tarehe 27 Februari Kanisa la Uingereza humkumbuka George Herbert, kasisi na mshairi. Vijana wetu wa kwaya wanaojaribu kutunga nyimbo wana mengi ya kujifunza kwake.

Herbert alizaliwa Montgomery, Wales, mwaka 1593. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mama yake pamoja na ndugu zake tisa. Alisoma Cambridge, na mwaka 1620 akachaguliwa kuwa Msemaji wa Chuo Kikuu hicho. Kazi hiyo ingeweza kumfikisha kwenye vyeo vya serikali ya mfalme, lakini mwaka 1630 alikubali kuwa kasisi wa Bemerton, kijiji kidogo karibu na mji wa Salisbury. Alihudumu huko muda usiotimia miaka mitatu. Alifariki tarehe 1 Machi 1633, hajafikia umri wa miaka 40.

Je, alitungaje? Kwanza, alisahihisha sana. Daftari lake moja limehifadhiwa mpaka leo. Karani ndiye aliyenakili mashairi yale, lakini masahihisho ni ya mkono wa Herbert mwenyewe. Mengine aliyabadili, na mengine aliyaacha kabisa.

Pili, alizingatia vipimo. Alipenda muziki, akipiga ala za nyuzi, na mara mbili kwa juma alikwenda kanisa kuu la Salisbury kusikiliza uimbaji. Mashairi yake mengi kila moja lina umbo lake la beti. Shairi lake la madhabahu limepangwa mistari hata likaonekana kama madhabahu.

Tatu, alitumia vitu ambavyo kila mtu anavijua: ufagio, dirisha la kanisa, sakafu, meza ya chakula. Katika kitabu chake juu ya kazi ya kasisi wa shamba, aliwashauri wahubiri nao watumie mifano ya kilimo na ya nyumbani, ili wasikilizaji waelewe.

Jambo alilolirudia mara nyingi ni moyo unaoshindana na Mungu. Moyo huo hunung'unika, hutaka kukimbia, kisha huitwa na kutulia. Herbert hakuficha manung'uniko yake ili aonekane mtakatifu.

Alipokuwa mgonjwa wa kufa, alimpelekea rafiki yake Nicholas Ferrar mashairi hayo. Agizo lake lilikuwa kwamba, kama yangeweza kumfaa mtu mwenye huzuni, yachapwe. Kama sivyo, yachomwe moto. Ferrar aliyasoma, na mwaka ule ule wa 1633 yakachapwa Cambridge, katika kitabu kiitwacho The Temple, yaani Hekalu. Baadhi yake huimbwa makanisani hata leo.

Basi, ninyi mnaoanza kutunga, andikeni mambo mnayoyajua, hesabuni mizani, wala msione haya kufuta. Tena kabla ya kuuleta wimbo mbele ya watu, jiulizeni kama Herbert: je, utamfaa aliye na huzuni?